Diski Inayoandika Mbele kwa Mbele

Malalamiko yanayofika dukani kwangu hapa Illasit ni yale yale. Kijana anayelima nyanya kule Kimana atalaza simu mezani na kusema, "Madam, hii kitu siku hizi inahengi tu." Mama aliyevuka kutoka Tarakea ataanza na habari za asubuhi, za watoto na za biashara, ndipo aitoe simu kwenye kanga: "Dada yangu, simu inaganda, na picha za sendofu ya binti zimo humu humu." Wote wawili wataniuliza kama ni virusi. Mara nyingi si virusi. Nikifungua mipangilio nakuta hifadhi imejaa asilimia 97, kimebaki kijinafasi kisichotosha hata video moja ya harusi, na simu inamaliza nguvu zake kuhamisha vitu vya jana ili ipate pa kuweka vya leo.

Kwa nini ihamishe, badala ya kuandika tu pale palipobaki? Jibu lake linataka muda mrefu kuliko alionao mteja ambaye boda boda inamngoja nje. Basi nimeliandika hapa.

Illasit, kwa asiyeijua, ni mji mdogo wa mpakani, Kajiado Kusini, chini ya Kilimanjaro. Ukitoka Emali unapita Kimana, unapita Loitokitok, unafika kwetu. Ng'ambo ni Tarakea, wilaya ya Rombo upande wa Tanzania. Ukifuata lami kuelekea Njukini utatokea Taveta. Hapa watu wanauza vitunguu, nyanya, maharagwe na mahindi, na mimi nauza karatasi: fotokopi, picha za pasipoti, fomu za eCitizen, ritani za iTax, barua za kuomba kazi. Pembeni natengeneza simu na kompyuta. Kazi hiyo yote, kwa upande wa diski, ni kuandika vitu vidogo vidogo mfululizo kutwa nzima.

Nilisomea kompyuta Kitengela, kwenye chuo cha ghorofani juu ya duka la mabati. Tulifundishwa kwamba diski ni sahani inayozunguka, na kwamba kila faili lina mahali pake linapokaa. Ukilibadilisha, kompyuta inarudi pale pale na kuandika juu ya maandishi ya zamani. Yote mawili yamepitwa na wakati. Diski zangu zenye sahani ziliuawa na vumbi la kiangazi na stima inayopotea bila kubisha hodi. SSD zilizochukua nafasi yake hazina kinachozunguka, na kuandika juu ya maandishi haziwezi hata zikitaka.

Ndani ya SSD mna chipu za flashi. Uvumbuzi huu ni wa Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa akifanya kazi Toshiba. Aina ya NAND, iliyomo kwenye simu, memori kadi na SSD zetu, ilielezwa hadharani mwaka 1987. Chipu inahifadhi chaji za umeme kwenye seli ndogo mno. Seli zimepangwa katika kurasa, kila ukurasa kilobaiti 4 hadi 16 hivi kwa zile tunazokutana nazo, na kurasa kwa mamia zimefungwa pamoja kuwa bloku moja ya megabaiti kadhaa. Ukaidi wa flashi uko hapa: unaweza kuandika ukurasa mmoja peke yake, lakini huwezi kufuta ukurasa mmoja peke yake. Kufuta ni bloku nzima. Na ukurasa ukishaandikwa, hauandikiki tena mpaka bloku yake yote ifutwe.

Tena kila ufutaji unaichosha seli. Flashi ya SLC, inayoweka biti moja kwa kila seli, ilihesabiwa kuvumilia ufutaji kama 100,000. TLC yenye biti tatu, ambayo ndiyo imejaa madukani, inahesabiwa kwa 1,000 hadi 3,000. QLC yenye biti nne iko chini zaidi, na ndiyo inayosukumwa kwa bei ya kutupa.

Sasa chukua ujumbe mmoja wa M-Pesa, mistari mitatu minne, unaoingia kwenye simu. Kama simu ingeng'ang'ania ule mtindo wa sahani, yaani kurudi pale pale na kubadilisha, ingelazimika kunakili bloku nzima pembeni, kuifuta, kisha kuirudisha ikiwa na mabadiliko ya herufi chache. Megabaiti kadhaa zingehama kwa ajili ya "Umepokea". Mara moja si kitu. Kwa mtu mwenye makundi ya WhatsApp ya kanisa, ya chama, ya shule na ya ukoo, chipu ingekufa kabla ya betri.

Jirani yangu mwenye duka la rejareja alishalitatua tatizo hili bila kuigusa tarakilishi. Daftari lake la madeni ni la kalamu ya wino. Mama akichukua unga kwa mkopo, anaandikiwa mstari. Akija kulipa nusu, mstari wa juu hauguswi. Unaandikwa mwingine chini kabisa, jina lile lile, na baki mpya. Ukitaka kujua unadaiwa ngapi, huhesabu mistari yote, unatazama wa mwisho wenye jina lako. Na ili asipekue daftari zima, ndani ya jalada ameweka orodha: jina, na ukurasa ulipo mstari wa mwisho. Daftari likikaribia kuisha, huketi jioni akachukua kurasa za zamani, akanakili mbele yale madeni ambayo bado yako hai, na kurasa zenyewe zikaenda kuwashia jiko.

Huo ndio mfumo wa faili unaoitwa wa logi, mzima mzima. Mstari mpya kila mara mbele, hakuna kufuta katikati, orodha ya kuonyesha toleo la karibuni liko wapi, na usafishaji wa kurasa kuukuu.

Waliouingiza kwenye kompyuta na kuupigia hesabu ni Mendel Rosenblum na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Waliujenga ndani ya Sprite, mfumo endeshi wa utafiti wa chuo hicho, wakauwasilisha mwaka 1991. (Rosenblum huyo huyo alikuja kuwa mmoja wa waasisi wa VMware mwaka 1998, kwa hiyo msidhani watu wa nadharia hawajui pesa zilipo.) Flashi haikuwa akilini mwao. Walichokuwa wakikilalamikia ni mkono wa diski ya sahani, ule unaoruka huku na huku kutafuta mahali. Mifumo ya Unix ya wakati ule ilikuwa ikitumia asilimia 5 hadi 10 tu ya uwezo wa diski kuandika data mpya. Muda uliobaki ulikuwa safari za mkono. Hoja yao ilikuwa hivi: RAM inazidi kuwa kubwa, basi mengi yanayosomwa yatapatikana humo bila kuigusa diski, na kitakachobaki kuisumbua diski ni uandishi. Uandishi nao ukusanywe kwenye RAM, ujaze kipande kizima kinachoitwa segimenti, kisha uteremshwe kwa mkupuo mmoja, mbele kwa mbele. Kwa njia hiyo Sprite iliweza kufikisha asilimia 70.

Dawa ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mkono wa chuma ndiyo imekuja kuifaa chipu isiyo na mkono, ingawa kwa sababu nyingine. Flashi haina safari za kuokoa. Inachotaka ni kujazwa bloku nzima kwa mpangilio na kufutwa bloku nzima. Logi inaandika hivyo hivyo.

Gharama yake iko kwenye usafishaji, na hapo wauzaji wa diski hunyamaza.

Fuata hesabu nami, ni ya darasa la sita. Una segimenti tano. Katika kila moja, asilimia 80 ni data hai na asilimia 20 ni takataka, yaani matoleo ya zamani ambayo yameshapitwa. Unahitaji segimenti moja tupu. Itabidi usome zote tano, uandike upya zile data hai, ambazo zikibanwa pamoja zinajaza segimenti nne, ndipo upate moja tupu. Kisha ndipo uandike humo kile ulichotaka kuandika tangu mwanzo. Kusoma tano, kuandika nne, kuandika moja. Kazi kumi kwa ajili ya kazi moja. Kama data hai ingekuwa nusu tu, ungesoma mbili, ukaandika moja, ukapata moja, ukaijaza: kazi nne. Rosenblum na Ousterhout waliifupisha kwa mstari mmoja: mbili, gawanya kwa sehemu isiyo hai. Jaribu mwenyewe kwa segimenti zilizojaa asilimia 95. Mbili gawanya kwa 0.05 ni 40. Ule ujumbe mdogo wa M-Pesa sasa unalipiwa mara 40.

Yule kijana wa Kimana simu yake haijazeeka. Ina wiki mbili za video za kuchekesha alizotumiwa na watu ambao hata namba zao hajaziweka jina. Nikimfutia nusu, simu inarudi kuwa kama mpya, naye anadhani nimefanya uganga. Ziko simu zinazoganda kwa kukosa RAM au kwa programu mbovu, sikatai, lakini kwenye meza yangu kitu cha kwanza kutazamwa ni nafasi tupu.

Afueni ya hesabu ile ni kwamba data hazifanani tabia. Kuna zinazobadilika kila saa, kama hifadhidata ya jumbe, na kuna zinazokaa miaka bila kuguswa, kama picha za sendofu. Ukizichanganya kwenye segimenti moja, za moto zitakufa upesi na kuacha matundu, za baridi zitabaki hai zikiziba, na kila ukisafisha utakuwa unabeba picha zile zile kutoka hapa kwenda pale. Wale watu wa Berkeley waliliona hili katika majaribio. Kanuni ya kuchagua tu segimenti yenye takataka nyingi kuliko zote, ambayo mtu yeyote angeikimbilia, haikufanya vizuri. Bora ilikuwa kupima pia umri: segimenti ya baridi isafishwe hata ikiwa na takataka kidogo, kwa sababu nafasi ikipatikana humo itadumu, ya moto iachwe kidogo, maana iliyobaki hai humo karibu itakufa yenyewe. Hakuna aliyeniambia hili Kitengela, na nadhani ndilo jambo la akili zaidi katika habari hii yote.

Kwenye simu, historia yake imepita mbele ya macho yetu. Mwaka 2011 Safaricom ilileta Huawei IDEOS kwa takriban shilingi 8,000, na wengi tukaishika Android kwa mara ya kwanza. Simu nyingi za Android za miaka ile zilikuwa na flashi tupu, isiyo na kontrola, yaani chipu msimamizi, ya kuuficha ukaidi wake, kwa hiyo kazi ya kuusimamia iliachiwa mfumo wa faili: YAFFS2, kazi ya Charles Manning wa New Zealand, nao ni wa ukoo wa logi. Baadaye zikaja chipu za eMMC zenye kontrola yake ndani, na Android ikahamia ext4, mfumo wa kawaida wa Linux uliozaliwa katika ulimwengu wa sahani. Oktoba 2012 Jaegeuk Kim wa Samsung akaleta F2FS, logi iliyoundwa mahususi kwa flashi zenye kontrola. Ikaingizwa kwenye Linux toleo la 3.8, Februari 2013. Motorola ilikuwa miongoni mwa waliowahi kuitumia. Google iliiweka kwenye Pixel 3 mwaka 2018, na leo ni kawaida kuikuta hata kwenye simu za bei ya kati.

Ukitaka kuiona kwa macho, chomeka simu kwenye kompyuta kwa waya, ruhusu utatuzi wa USB, uliza simu imefunga nini kwenye /data. Mara nyingi mstari unaorudi una neno f2fs, na mbele yake msururu wa mipangilio, miwili ikinipendeza: background_gc=on na active_logs=6. Wa kwanza unasema usafishaji unafanyika nyuma ya pazia, simu ikiwa imepumzika. Wa pili unasema kuna logi sita zinazoandikwa kwa pamoja: za moto, za vuguvugu na za baridi, tatu kwa data na tatu kwa zile orodha za kuonyesha kitu kiko wapi. Picha na video F2FS huzitambua kwa mwisho wa jina la faili na kuzipeleka moja kwa moja kwenye logi ya baridi. Kwa hiyo sendofu ya binti wa Tarakea imetengwa na kelele za makundi ya WhatsApp tangu siku ilipopigwa picha.

Samsung ilichapisha vipimo vyake mwaka 2015. Kwenye simu, F2FS ilishinda ext4 hadi mara 3.1 katika jaribio moja la kutengenezwa na hadi mara 2 katika SQLite, hifadhidata ambayo Android hutumia kuweka jumbe na mawasiliano. Katika matumizi yanayofanana na ya kweli, muda ulipungua kwa hadi asilimia 40. Hapo kuna neno "hadi", na mwenye bidhaa ndiye aliyepima. Hata hivyo SQLite ndiyo inayonishawishi, kwa kuwa maisha ya simu za wateja wangu ni jumbe.

Kwenye kompyuta mambo ni tofauti kidogo, na hapa natofautiana na vijana wa mjini wanaobadilisha mfumo wa faili kila mwezi. Kontrola ya SSD nzuri tayari inaandika kwa logi. Windows ikisema "andika juu ya faili hili pale pale", kontrola inaitikia, kisha inaandika kwenye ukurasa mpya kabisa na kubadilisha ramani yake ya siri. Windows haijui. Yaani hata wewe unayetumia NTFS, mfumo wa faili wa Windows, kwenye laptopu unatumia logi. Imefichwa tu chini ya sakafu. Ukija na mfumo wa logi juu ya hapo, unazo mbili, kila moja ikisafisha kwa wakati wake bila kuambiana. Mwaka 2014 watafiti wa SanDisk waliandika makala kuionya tasnia juu ya kurundika logi juu ya logi: segimenti za juu hazilingani na bloku za chini, mitiririko iliyotenganishwa juu inachanganywa chini, na uandishi unaongezeka badala ya kupungua. F2FS inajitahidi kupunguza hilo kwa kupanga vipande vyake vilingane na vya kontrola. Njia ya uungwana zaidi imekuja na kanuni za diski za kanda zilizotolewa mwaka 2020, ambapo kontrola inakubali kuacha siri zake: diski inajionyesha kwa kanda, kila kanda inaandikwa mbele kwa mbele, na mfumo wa faili ndio unaoamua lini ifutwe. Logi moja, mwenyewe mmoja. Hizo mara nyingi ni za vituo vikubwa vya data. Huku kwetu sijaiona.

Kwa hiyo ukiniletea laptopu yenye SSD ya maana, nitaacha ext4 au NTFS ilivyo na kuhakikisha TRIM inafanya kazi. TRIM ni ile taarifa ya mfumo wa faili kwenda kwa kontrola kwamba faili fulani limefutwa na kurasa zake si mali ya mtu tena. Bila hiyo kontrola itaendelea kunakili maiti kutoka bloku hadi bloku kwa uaminifu mkubwa. Windows inayo tangu toleo la 7. Kwenye Linux naweka ifanyike kila wiki. F2FS naiweka kwenye mashine zangu ndogo zinazotegemea memori kadi au eMMC, ambazo kontrola yake ni dhaifu na haina akili ya kutenganisha moto na baridi. Hapo ndipo nimeona tofauti ya wazi. Memori kadi yenyewe kwanza naipima kwa programu iitwayo F3, maana ziko zinazojidai za gigabaiti 512 na ndani zina 16, na hakuna mfumo wa faili utakaokuokoa na uongo wa namna hiyo.

Stima ni habari nyingine. Stima ikikatika katikati ya kuandika, mfumo unaoandika juu ya maandishi unaweza kubaki na kitu nusu cha zamani, nusu kipya, ambacho si chochote. Logi haina tatizo hilo kwa asili yake, kwa kuwa ya zamani haijaguswa. F2FS inaweka vituo vya kumbukumbu viwili kwa zamu: kimoja kikiwa kinaandikwa, kingine ni kizima. Mashine ikiwaka inachukua kituo kizima cha mwisho, kisha inasonga mbele kuokota yale ambayo programu zilikuwa zimeomba yahifadhiwe hapo hapo. Kinachopotea ni yale ya mwisho ambayo hayakuombewa hivyo. Naongeza tahadhari moja: SSD za bei nafuu hazina kapasita za kuzipa pumzi za mwisho, na ziko zinazoijibu kompyuta "nimeshaandika" huku data ingali kwenye RAM yao. Kwa hiyo UPS ndogo iko chini ya meza yangu, F2FS au bila F2FS.

Kwa faili za wateja nimechagua kitu kisicho cha kawaida: NILFS2, iliyotoka maabara za NTT, Japani, na kuingia Linux toleo la 2.6.30 mwaka 2009. Hii imeichukua ile tabia ya kutofuta ikaifanya huduma. Kila baada ya muda mfupi inaacha kituo chenye namba, na mradi msafishaji hajapita, unaweza kurudi kwenye namba hiyo na kuiona diski ilivyokuwa. Mzee mmoja alileta hati ya makubaliano ya shamba aliyokuwa akiitayarisha na wanawe. Kijana wake akaifungua kwangu, akafuta ukurasa wa mipaka akidhani ni nakala, akahifadhi, akafunga. Mzee alipokuja kuchapisha, hakusema kitu, alinitazama tu. Nikaomba orodha ya vituo: safu ya namba, tarehe, saa, dakika. Nikachagua cha kabla ya kijana kuketi, nikakigeuza kuwa picha ya kudumu ili msafishaji asikiguse, nikakifungua kwa kusoma tu. Ukurasa wa mipaka ulikuwepo. "Umeutoa wapi, mama?" akauliza. Nikamwambia haukuwa umekwenda popote.

NILFS2 nayo inakula nafasi. Msafishaji wake, kwa mipangilio ya kiwandani, analala mpaka segimenti safi zishuke chini ya asilimia 10, na halamba kituo ambacho hakijatimiza saa moja. Nimemwongezea muda huo. Kwa malipo yake siijazi diski ile kupita theluthi mbili, na kila Jumapili nahamisha kazi zilizokwisha kwenda diski ya nje, ambayo ni ya sahani, ya zamani, na inakaa kabatini haizungushwi bure.

Lakini sifa hiyo hiyo ya kutofuta ina upande ambao wateja wangu hawauwazi, hasa wanaouza simu na laptopu kuukuu siku ya soko. Mtu anafuta picha, au anajaza faili la siri na sifuri akiamini ameandika juu yake. Kwenye logi hakuandika juu yake. Sifuri zimekwenda kwenye kurasa mpya, na maandishi ya zamani yamebaki kwenye kurasa zilizokufa yakingoja msafishaji afike, leo au baada ya miezi. Hata maelezo ya programu ya shred ya GNU, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo ya kuharibu faili, yanatahadharisha kwamba haiaminiki kwenye mifumo ya faili ya aina hii. Kinachosaidia ni usimbaji: data zote ziwe zimeandikwa kwa ufunguo tangu mwanzo, na siku ya kuuza unaharibu ufunguo, kurasa zilizobaki zikawa kelele tupu. Simu zilizotoka kiwandani na Android 10 au zaidi zinasimba zenyewe, kwa hiyo kuirejesha simu katika hali ya kiwandani kunatosha. Za zamani zaidi naangalia kwanza kama usimbaji umewashwa. Kama bado, nauwasha, nasubiri umalizike, ndipo nairejesha.

Memori kadi huwa haijasimbwa, na watu huiuza na simu kama zawadi. Namwambia mwenyewe aitoe abaki nayo. Asipoitaka, naikata vipande viwili kwa mkasi wa bati mbele yake, na kwa hiyo kazi sitozi.